Kabla ya kusema "ni uzee tu", pima presha na masikio

Ukitaja afya ya ubongo, wengi wanakimbilia chemsha bongo za kwenye simu. Sina ugomvi nazo, hata mimi najaza mafumbo ya maneno. Ila baada ya miaka ya kumlea mama mwenye demensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ningepewa nafasi ya kuamua fedha za afya ziende wapi, ningeanza na mashine za presha na vipimo vya masikio.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa: presha ya kupanda, kisukari, lehemu mbaya kwenye damu, sigara, pombe kupita kiasi, unene uliozidi, kutofanya mazoezi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, hewa chafu, elimu ndogo, usikivu uliopungua na matatizo ya macho yasiyotibiwa. Walikadiria kwamba yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Mengi kati ya hayo hayahitaji daktari bingwa wa ubongo. Presha inapimwa na muuguzi kwa dakika chache, na anayestahili kupimwa kwanza ni wewe mwenye miaka 40 au 50, maana presha isiyodhibitiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo kwa miaka mingi kabla hujasahau chochote. Mengine yako nje ya uwezo wa mtu mmoja. Hewa ya mji haisafishwi kwa nidhamu binafsi, na mtoto hajipeleki shule. Hapo tuwadai wenye mamlaka, tusimlaumu mgonjwa kwamba hakujitunza.

Kuhusu masikio, niliona kwa macho yangu. Ukimuuliza mama kama amemeza dawa, anakujibu kwamba mvua bado haijanyesha. Ndugu wakasema kichwa kimeisha. Muuguzi akamchungulia kwa kitochi, akatoa nta ngumu kama kokoto, kisha akatuelekeza kwenye kipimo cha usikivu. Akapewa kifaa cha kumsaidia kusikia. Demensia haikuondoka, lakini aliacha kujikunyata pembeni watu wanapoongea, akaanza tena kuwakatiza kama zamani. Asiyesikia huchoka kukisia maneno, mwisho hujitenga, na kujitenga nako kunamdhuru.

Siku ya kwenda kliniki, beba dawa zote kwenye mfuko, hata zile mlizonunua bila cheti. Baadhi ya vidonge vya mzio na vya usingizi huwavuruga wazee akili. Uliza kuhusu upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na sonona, kwa sababu hayo hutibika na dalili zake hufanana sana na demensia. Na usimwambie daktari "anasahau sana" ukaishia hapo. Mpe mifano yenye tarehe: alilipa bili moja mara mbili, alipotea njia aliyoizoea.

Mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akaanza kuona vitu visivyokuwepo au kusinzia mchana kutwa, usiseme ugonjwa umekua. Demensia ya Alzheimer, ile inayowapata wengi zaidi, haiendi kwa kasi hiyo. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, au dawa mpya. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mdomo ukipinda au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi. Hapo hata saa moja ni nyingi.

Nyumbani, acha kubishana. Mama anapouliza mama yake yuko wapi, kumwambia alishafariki ni kumpa msiba mpya kila jioni. Mimi humuuliza, "Alikuwa anapenda kuimba nini?" Basi tunaingia kwenye nyimbo.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Pia linasema walezi wa familia hutumia wastani wa saa tano kwa siku, na asilimia 70 ya saa za ulezi zinabebwa na wanawake. Kwa hiyo kaka akipiga simu kuuliza "nisaidie nini?", usimjibu "tuombeane". Mpe zamu: Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, yeye ndiye anakaa na mama. Mwachie karatasi yenye majina ya dawa na saa zake, namba ya kliniki, na mambo yanayomtuliza mama akianza kuhangaika. Halafu toka kweli, na simu usiishike kila dakika kumuuliza wanaendeleaje.