Fulani wa Kihispania alivyoniponza

Kijana mmoja wa Moshi kaniandikia juzi: "Kaka, ulijifunzaje Kihispania mpaka unaongoza wageni mwenyewe? Nipe njia ya mkato." Njia ya mkato ninayo. Ndiyo iliyoniponza.

Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711, na Granada, dola lao la mwisho, ikaanguka 1492. Karibu karne nane hizo ziliacha maneno ambayo sisi pia tuliyapokea kwa Mwarabu. Sukari kwao ni azúcar, wameimeza pamoja na ile "al" ya Kiarabu; sisi tukaitema (ingawa Alhamisi na alfajiri tumezibeba nayo). Ile hata ya "tangu asubuhi hata jioni" wao ni hasta. Na fulano ni fulani wetu huyuhuyu, Kiarabu fulan. Nililikuta kwenye kamusi usiku, nikacheka peke yangu kama niliyeokota hela.

Kihispania kina kiume na kike. Nikapiga hesabu: mwanamume fulano, mwanamke fulana. Kwenye karatasi hesabu imekubali.

Lango la Naabi, Serengeti. Wageni wanne, mama mmoja kachelewa msalani. Nikageuka na tabasamu langu: "Esperamos a la fulana." Yaani tunamsubiri yule mwenzetu. Mumewe akavua miwani ya jua, taratibu. Kiti cha nyuma mtu akaguna. Dereva wangu, asiyejua Kihispania hata salamu, akaninong'oneza: "Umesema nini wewe?"

Kwao fulana ni malaya. Hata huyo fulano, ukimbandika mtu aliyeko palepale, ni dharau.

Niliomba radhi siku tatu. Tipu ya dereva ilikuwa nene. Bahasha yangu tuiache. Inaniuma mpaka leo, maana wavivu wa kamusi hawakosei hivi, nimekosea mimi niliyesoma.

Kwa hiyo mdogo wangu, asili ya neno ikusaidie kukumbuka, basi. Matumizi waulize wenyewe. Neno limekaa ugenini miaka mia kadhaa, wewe unadhani tabia ni ileile ya nyumbani? Waulize wenyewe. Mnapenda kuonekana mnajua kabla hamjajua, na mimi nilikuwa hivyohivyo, ndiyo maana nasema kwa ukali: waulize wenyewe.

Siku ya kurudi tulisimama Mto wa Mbu. Muuza nguo akamkimbilia mama yuleyule, kanyanyua tisheti ya twiga: "Fulana, mama! Fulana nzuri!"

Nikainama kukagua tairi.