Rola la waya wa shaba lina omu ngapi?

SWALI: Nimenunua rola la waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule mgumu wa uzi mmoja, mita 100. Nikipima ukinzani wake, multimita inasoma omu 1.1, nikishika upya 0.9. Nimeuziwa feki? – Fundi, Morogoro

JIBU: Bado huwezi kujua, maana hujapima waya peke yake. Nyaya za multimita na pale ncha zinapogusa huongeza hata omu 0.5, wakati kiwango cha kimataifa cha nyaya za umeme, IEC 60228, hakiruhusu mita 100 za waya huo kuzidi omu 0.741 kwenye nyuzi joto 20.

Tafuta betri ya gari ya volti 12, balbu ya indiketa ya wati 21 na multimita mbili. Betri, multimita ya kwanza (tundu la 10A), balbu na rola vifuatane kwenye njia moja. Multimita ya pili isome volti, ncha zake ziguse shaba yenyewe kwenye miisho miwili ya rola, upande wa ndani wa vibanio vinavyoleta umeme. Wengi hugusa juu ya kibanio, na kutu yake ikaingia kwenye hesabu. Balbu ikitulia, soma zote mbili. Volti 1.22 kwa ampea 1.60 ni omu 0.7625.

Imezidi? Hapana, kama rola lina nyuzi joto 30. Omu za shaba huongezeka asilimia 0.393 kwa kila nyuzi joto moja, hivyo kikomo hapo ni 0.770. Rola lililotoka juani lilaze kivulini usiku mzima kwanza.

Ukitaka ukinzani wa shaba yenyewe (omu za mita moja yenye unene wa milimita mraba moja), menya mita moja, ipime kwenye mizani ya sonara, ugawe gramu kwa 8.89, uzito wa shaba kwa kila sentimita ya ujazo. Gramu 21 ni milimita mraba 2.36. Zidisha kwa omu 0.7625, gawanya kwa 100, kisha kwa 1.0393 ili kurudi nyuzi joto 20: unapata 0.0173. Shaba laini ni 0.01724, kwa hiyo hiyo ni shaba. Na 2.36 si wizi. Kiwango hupima omu, si unene.

Ikija karibu na 1.1 hata kwa njia hii, kwangua kwa kisu: weupe ndani ni alumini iliyovikwa shaba.

Ila hakiki urefu. Rola la mita 90 huficha waya mwembamba, kwa kuwa omu zake hushuka. Soma namba za mita zilizochapwa kwenye ganda. Kama hazipo, kunjua upime kwa futi kamba.