Sheria za bunduki: ofisi ikikaa kimya, bunduki inakwenda kwa nani?

Mkuu, kwa ajili ya jedwali lako la kulinganisha nchi, umeuliza kati ya Marekani, Japani na Uswisi ni wapi penye sheria kali zaidi za bunduki. Neno "kali" halikufikishi mbali. Anza kwa kutazama kinachotokea mhusika asipojibiwa.

Marekani, ukienda kwa muuzaji mwenye leseni unajaza Fomu 4473, naye anauliza mfumo wa FBI (idara ya upelelezi ya shirikisho) kama unaruhusiwa kununua. Mara nyingi jibu hutoka palepale. Likikwama na siku 3 za kazi zikapita, sheria ya shirikisho inamruhusu akukabidhi mzigo (kwa walio chini ya miaka 21 muda huo unaweza kurefushwa). Baadhi ya majimbo yameuziba mwanya huu, kwa hiyo usiseme "Marekani" bila kutaja jimbo. Na ukinunua kwa mtu binafsi wa jimbo lako asiye mfanyabiashara, sheria ya shirikisho haidai ukaguzi wowote.

Japani, kimya maana yake huna bunduki. Kuna darasa, mtihani wa kuandika, cheti cha daktari, mtihani wa shabaha, na polisi kukuchunguza wewe na watu wako. Bastola raia asahau. Bunduki inafungiwa mahali pake, risasi mahali pake, na leseni inahuishwa kila miaka 3.

Wengi hukosea hapa: kumpa mtu leseni si kusajili bunduki. New Zealand walilipia kosa hilo. Baada ya mauaji ya misikitini mjini Christchurch ya Machi 2019 walipiga marufuku bunduki nyingi za nusu otomatiki na kuzinunua kutoka kwa wenyewe, lakini nyingi hazikuwa zimeandikwa popote. Wengi wa wenye nazo walikuwa na leseni zao tu. Sasa utajuaje zimebaki ngapi mitaani? Rejista kamili ilianza 2023. Australia waliunganisha yote mwaka 1996: leseni, usajili, kusubiri siku 28, na sababu ya kweli ya kumiliki. Kujilinda hakuhesabiki kuwa sababu.

Uswisi ndiyo husimuliwa vibaya kuliko zote. Ni kweli askari wa akiba huweka bunduki ya jeshi nyumbani, ila lile kopo la risasi lililofungwa kwa lakiri walilokuwa wakipewa, mwaka 2007 iliamuliwa lirudishwe ghalani. Raia akitaka bastola anaomba kibali cha kantoni (jimbo la Uswisi). Kwa hiyo kwenye jedwali lako, risasi zipe safu yake peke yake.