Tairi kuliwa ndani na mlio wa mbele

Ndugu, kwa Corolla yako ya 2003 inayokula tairi la mbele kushoto upande wa ndani na kugonga "ko ko" kwenye matuta, usianze na alaimenti (kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu). Ukipima wakati kuna kitu kimelegea, hela imepotea.

Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, shuku beringi (inayolifanya gurudumu lizunguke), ukibaki, shuku bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu). Bolijointi mbovu tafadhali usiiache hata wiki, maana ikichomoka gurudumu linalala barabarani. Shika tena kushoto na kulia. Mchezo hapo mara nyingi ni tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani.

Halafu mulika tochi bushi (mipira) za kontroli amu, mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Kwenye gari la umri huo mpira huwa umepasuka kandokando ya chuma, na gurudumu linainama kidogo bila wewe kuona. Mimi ningeshuku hapo kwanza. Mlio wa mashimo madogo madogo aghalabu ni stabilaiza linki (kifimbo cha chuma kinachounga fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona), na si ghali.

Shokapu (kifaa cha kutuliza mrusho) ikivuja, tairi hutoka mabonde mabonde. Alaimenti ifanye mwisho, upepo wa tairi ukiwa sawa.