Maswali yenu ya mwezi: mti mzee wenye shimo Budongo, ukatwe au uachwe?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Masindi na Hoima, na karibu zote zinauliza habari za msitu wetu wa Budongo hapa Uganda na wanyama wake. Nimechagua chache. Zingine nimezijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe linaniuma, mtanisamehe.

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi mbao hapa Masindi. Nikipita Budongo naona miti mizee mikubwa imesimama inaoza, imejaa mashimo, mbao haitoi wala nini. Kwa nini NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, wasiiondoe wapande mahogani mpya? Si msitu utakuwa bora zaidi? – Fundi, Masindi

Nzuri ndugu fundi. Hilo wazo lako lilishajaribiwa palepale Budongo. Miaka ya 1950 na 1960 maofisa wa misitu waliona kama unavyoona wewe, kwamba msitu una miti ya maana ambayo ni mahogani na ndugu zake, na miti isiyo na faida ambayo inaziba mwanga tu. Basi wakawa wanaitia sumu ile isiyo na faida, dawa ya kuua miti, na iliyopata taabu zaidi ni muhimbi na mitini. Muhimbi kwa sababu mbao yake ni ngumu mno na soko lake lilikuwa dogo, na mtini kwa sababu mbao yake haifai chochote.

Sasa angalia hiyo miti miwili inafanya nini. Sokwe hutengeneza kitanda kipya kila jioni juu ya mti, anakunja matawi anajilaza, na pale Budongo muhimbi ni mmoja ya miti wanayoipenda sana kulala, tena kiangazi wanakula na mbegu zake. Mitini nayo haizai msimu mmoja kama maembe, huu unaiva leo ule mwezi ujao, kwa hiyo hata matunda mengine yakiisha msituni mtini upo, na kima, mbega, sokwe, hondohondo na popo wote wanakutana hapo. Yaani walioua mitini walikuwa wanafunga jiko la msitu bila kujua.

Hayo mashimo unayoyaona ni nyumba. Hondohondo yule mkubwa mweusi na mweupe, ambaye akiruka unasikia mabawa kabla hujamwona, hawezi kujenga kiota. Anatafuta shimo kwenye mti mkubwa, jike anaingia, dume anamletea udongo, wanaziba mlango mpaka unabaki ufa mwembamba tu, na jike anakaa humo ndani miezi mitatu na zaidi akilalia na kulea, dume anamlisha kupitia ule ufa. Mti wenye shimo la kumtosha ndege wa ukubwa ule haupatikani kwa miaka kumi wala ishirini. Ukipanda mahogani leo, wewe na mimi hatutaliona hilo shimo. Kasuku wa kijivu naye anataga kwenye mashimo hivyohivyo, na huyo biashara imemmaliza mpaka mwaka 2016 nchi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini.

Ila nikwambie na upande wa pili, maana sitaki uondoke na nusu. Watafiti walipohesabu nyani wadogo kama kima na mbega Budongo, wakachapisha matokeo mwaka 1994, walikuta wako wengi zaidi sehemu zilizowahi kukatwa mbao kuliko sehemu ambayo haijawahi kukatwa. Sababu ni kwamba msitu ukiachwa muda mrefu sana muhimbi unatawala, na miti ya matunda inapungua. Kwa hiyo sisemi msumeno usiguse msitu milele. Nasema hivi, pale waliporuhusu mchanganyiko urudi, mitini ikaota tena na watu wakaacha msitu upumue, wanyama walirudi. Kinachoua msitu ni kutaka uwe wa mti wa aina moja tu, ule wenye bei. Mbao yako, ndugu, tafuta iliyopandwa shambani na yenye karatasi za NFA.

Nimesikia redioni kwamba sokwe wa Budongo wanakula kinyesi cha popo na kuna virusi ndani kama vya Corona. Hapa kijijini watu wanasema bora tukate miti yote yenye popo. Ni kweli au ni uvumi? – Mama wa watoto watatu, karibu na Nyabyeya

Ni kweli mama, wanakula, na habari hii ilichapishwa mwaka 2024. Lakini ukisikia ilianzaje utaona kukata miti ndiko kulikoleta shida, sio dawa yake.

Sokwe kama sisi wanahitaji chumvi na madini. Matunda na majani ya msituni yana chumvi kidogo sana, hivyo zamani sokwe wa Sonso, lile kundi ambalo watafiti wamelifuata tangu Profesa Vernon Reynolds aanzishe kituo mwaka 1990, walikuwa wanaipata kwenye mti wa rafia, ule wa jamii ya mitende unaoota kwenye majimaji. Rafia ikishakufa ikaoza wanachimba ule moyo laini wa ndani wanakula, umejaa sodiamu. Sasa wakulima wa tumbaku wakahitaji kamba za kufungia majani ya tumbaku yakauke, na kamba nzuri ya bure ilikuwa majani machanga ya rafia. Yakakatwa na kukatwa mpaka rafia ikaisha kabisa pale sokwe walipokuwa wanakula. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, mkulima alikuwa anatafuta ada ya shule, na tumbaku ilikuwa na mnunuzi.

Baada ya hapo kamera zilizofungwa msituni zikaonyesha kitu kipya, sokwe wanakuja kwenye mti mmoja mzee wenye tundu, ndani kuna popo, wanachota kile kinyesi kilichorundikana chini na kukila, kwa sababu kina madini yaleyale waliyoyakosa. Sio wao tu, mbega na paa wekundu pia walionekana wakila. Wataalamu walipopima hicho kinyesi wakakuta aina 27 za virusi, moja ni ya jamii ya Corona, ndugu wa mbali wa kile cha COVID-19. Hawakusema kwamba mtu au sokwe ameugua kutokana nacho, hilo mama ulishike vizuri ukiwa unawaeleza majirani. Wanachoonyesha ni njia, kwamba popo na sokwe ambao zamani hawakuwa na sababu ya kukutana sasa wanakutana.

Kwa hiyo ukikata ule mti popo watahamia wapi? Watatafuta tundu lingine, au paa la nyumba au darasa, na hapo ndipo utakapokuwa umewaleta kwa watoto wako kweli. Tena popo hao wanakula wadudu usiku kucha. Linalosaidia ni rafia irudi, ipandwe kwenye vijito na iachwe ikue, na wakulima wapate kamba ya kufungia tumbaku isiyotoka msituni. Watoto nao waambieni wasiingie kwenye matundu ya miti wala kuchezea popo.

Sokwe wanatoka msituni wanakula mafenesi na miwa yangu. Nikiwafukuza na mbwa wanageuka. Nifanye nini na je serikali italipa? – Mkulima, Hoima

Pole sana mzee wangu, na naomba mbwa uache kuanzia leo. Sokwe dume akibanwa na mbwa anapigana, na huko Hoima watoto wameshawahi kushambuliwa na kujeruhiwa vibaya, unajua mwenyewe. Watoto wasitumwe maji au kuni peke yao wakati sokwe wako karibu, na fenesi lililoiva lisibaki juu ya mti ulio jirani na nyumba, livune mapema. Wakitokea, kaa mbali, simama pamoja na watu wazima wengine, usikimbie.

Kuhusu kulipwa, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ilianzisha mpango wa fidia, na fungu lake linatokana na asilimia 2 ya mapato ya UWA, mamlaka ya wanyamapori. Usisubiri, toa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na kwa ofisi ya UWA ya karibu, piga picha za uharibifu kabla hujasafisha shamba. Na mitego ya waya, mzee, tafadhali, hata kama umeiweka kwa ajili ya nguruwe pori. Waya hauchagui. Budongo kuna sokwe wazima wengi wasio na vidole au wenye mkono uliokauka, kwa sababu walinaswa na mitego iliyowekewa paa na nguruwe, na mama asiye na mkono bado anabeba mtoto na kupanda mti. Ukikuta waya porini, usiupite kimya, waambie askari wa msitu mahali ulipo.

Je, naruhusiwa kuokota kuni kwenye msitu wa hifadhi? Askari mmoja alinifukuza. – Msomaji, Biiso

Sheria ya Misitu ya 2003 inamruhusu mwananchi wa jirani kuchukua kuni kavu kwa kiasi, kwa matumizi ya nyumbani tu, bila kulipa, mradi inaendana na mpango wa usimamizi wa msitu huo. Kwa kuuza hapana, kwa mkaa hapana, na kuna sehemu ambazo zimefungwa kabisa, labda ndiko ulikokuwa. Nenda ofisi ya NFA uulize mpaka uko wapi. Na hata ukiruhusiwa, okota zilizoanguka. Mti mkavu uliosimama uache, umeshasoma hapo juu nani anaishi ndani.

Niliona kwenye ile njia ya Royal Mile ya msitu wa Budongo ndege mdogo sana, mgongo wa buluu, kichwa cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Ni nani? – Kijana wa boda

Mdiria kibete! Hongera, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta huyo. Ingawa ni mdiria havui samaki, anakula wadudu chini ya miti. Ukirudi mtafute na ndugu yake mwenye mgongo wa rangi ya chokoleti, huyo yuko juu juu na anachimba kiota kwenye vichuguu vya mchwa vilivyoning'inia mitini.

Nataka kuwapeleka wanafunzi wa P6 (darasa la sita la msingi) wakaone sokwe. Nizingatie nini? – Mwalimu, Kigumba

Mwalimu, jambo la kwanza kabisa ni mafua. Mwaka 2013 huko Kanyawara, msitu wa Kibale, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliingia kwenye kundi la sokwe 56 wakafa watano, na kirusi hicho kwa mtoto wa darasani ni kamasi za siku tatu tu. Kwa hiyo anayekohoa au kupiga chafya abaki, hata kama amelia, hata kama ameshalipa, na wewe mwenyewe pia. Na uliza umri kabla hujakusanya hela, maana kutembea kufuata sokwe kuna umri wa chini na huenda watoto wa P6 hawaufikishi. Wasioufikisha wapeleke njia ya ndege na mbega, nayo inatosha kabisa, wakiwa na mwongozaji wa hapo na barakoa mfukoni. Muombe mwongozaji awaonyeshe muhimbi mmoja mkubwa, na mtini ulioukumbatia mti mwingine, na shimo la hondohondo kama lipo linalotumika. Chakula kiliwe nje ya msitu, na maganda na kaveera (mifuko ya plastiki) zirudi kwenye gari.

Fika saa moja asubuhi, baadaye ndege wananyamaza.