Agra Fort siku ya Ijumaa? Nenda

Ndugu, umeuliza kama inafaa kwenda Agra Fort, ile ngome ya mjini Agra, India, siku ya Ijumaa, siku ambayo Taj Mahal hufungwa. Inafaa sana. Wahi asubuhi, maana mawe yale mekundu hushika joto.

Utaingilia lango la Amar Singh. Tafadhali usikimbilie upande wa mto kupiga picha. Anza na Jahangiri Mahal, jumba la enzi za Akbar, mfalme wa Wamughal aliyeanza kuijenga ngome hii mwaka 1565. Inua macho uone mihimili ya mawe iliyochongwa kwa ustadi kana kwamba ni mbao. Hapo usiwe na haraka kabisa, kwangu ndipo penye uzuri wote wa ngome. Ukifika jumba la Khas Mahal utaona jinsi mjukuu wa Akbar, Shah Jahan, alivyopenda marumaru nyeupe. Jirani ni mnara wa Musamman Burj. Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan, alimfungia baba yake huyo ngomeni kuanzia 1658 hadi baba alipofariki 1666, na ukisimama mnarani unaiona Taj Mahal, kaburi la Mumtaz, mke wa Shah Jahan, kwenye kona ya mto Yamuna.

Sehemu kubwa ya ngome bado inatumiwa na jeshi, hivyo usishangae kukuta njia zimefungwa.