Lifti ya jengo inakwama, dhima ni ya nani?

Assalam aleykum mhariri. Mie na ndugu zangu tumerithi jengo la ghorofa sita hapa mjini, chini maduka juu wapangaji, sasa lifti inakwama kila mara na kaka anasema fundi umeme wetu akiitia grisi inatosha. Kweli? — Msomaji, Unguja

Waaleykum salaam ndugu yangu. Haitoshi kabisa, na nakuomba uizime leo leo mpaka aje fundi lifti hasa, manake fundi wa nyumba si fundi lifti. Dhima ni yenu wenye jengo. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8 ya 2005, na humo jengoni mwenu mna walinzi, wafagiaji na vijana wa madukani, wote hao wapo kazini.

Kipimo kizuri ni cha Uingereza, kanuni zao za 1998 zinataka lifti ya watu inayotumika kazini ikaguliwe kwa kina kila miezi 6, ya mizigo tu miezi 12, na mkaguzi asiwe anakagua kazi yake mwenyewe. Mfuate kipimo hichohicho, ripoti muziweke.

Wakaguzi waangalie kamba za chuma, breki, kengele ya dharura, lakini zaidi loki za milango, hapo ndo roho za watu zinapotokea jamani, mlango unafunguka kibanda kiko ghorofa nyengine na mtu anaingia moja kwa moja shimoni. Na umeme ukikatika mtu akakwama ndani, mlinzi asivunje mlango, azungumze naye amtulize, amwite fundi.